Ukwaju ulivyonisaidia nilipokuwa natumia vidonge vya damu

Nilipokuwa mjamzito, kliniki walinipima wakakuta damu iko chini, wakanipa FEFO, vile vidonge vya madini ya chuma na foliki asidi. Damu ilianza kupanda, lakini choo kikawa kigumu, tena cheusi. Weusi si tatizo, ndivyo madini ya chuma yanavyotoka. Ule ugumu ndio ulionitesa. Nilikuwa naingia chooni natoka na jasho, na nilishaanza kufikiria kuviacha.

Mama mkwe aliponiona akasema, "Mwanangu, vidonge usiache. Loweka ukwaju." Kwanza nilimuuliza nesi, akaniruhusu ninywe kwa kiasi, niongeze maji, na vidonge viendelee.

Nanunua ukwaju wenye maganda yake, maana lile donge la sokoni mara nyingine lina mchanga. Namenya, natoa zile nyuzi, naweka konzi moja kwenye bakuli la kioo, namimina maji ya uvuguvugu yaliyokwisha kuchemshwa, nafunika hadi asubuhi. Kisha nafikicha kwa vidole mpaka kokwa zitoke nyeusi, zinateleza. Nachuja kwa chujio lenye matundu makubwa kiasi ili rojo zito lipite, kwa sababu nyuzinyuzi zake nazo zinasaidia. Sufuria ya alumini siitumii kabisa. Ukwaju ni mkali, unaila. Sukari naweka kidogo sana.

Nilikuwa nakunywa nusu glasi jioni, na maji ya kutosha juu yake. Wiki haikuisha choo kikalainika. Nilishukuru mno, maana bila hivyo FEFO ningeitupa.

Ukali wa ukwaju unatokana na asidi ya tataliki. Sehemu kubwa ya asidi hiyo hainyonywi utumboni, hivyo inavuta maji na choo kinakuwa laini. Wengi wetu tunadhani kila tunda chachu limejaa vitamini C. Ukwaju unayo kidogo sana, hata chungwa linaushinda mbali, na ubuyu ndio kabisa. Kwa hiyo akina mama wenzangu, ukwaju hauongezi damu, na mtu asije akaacha vidonge kwa sababu anakunywa juisi. Vidonge nilimeza mchana pamoja na chungwa, kwa kuwa vitamini C husaidia mwili kuchukua madini ya chuma. Chai niliitenga mbali na muda wa kumeza, kwani inazuia.

Kuna jambo moja ningependa kila mjamzito alijue. Juisi ya ukwaju imeonekana kuongeza kiasi cha aspirini kinachoingia kwenye damu, na hata ibuprofeni. Siku hizi baadhi ya wajawazito wenye hatari ya kupata kifafa cha mimba huandikiwa aspirini ya dozi ndogo. Kama wewe ni mmoja wao, mwambie daktari kabla hujaanza kunywa ukwaju kila siku. Mwenye kiungulia kikali naye apunguze, na meno yasuuzwe kwa maji baada ya kunywa.

Ukiona damu kwenye choo, au tumbo linauma na hakuna kinachotoka, usikae nyumbani unaloweka ukwaju. Nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo.