Maneno ya Kiingereza yakishikana

Kuna mwanafunzi anasoma vizuri tu, kila neno analitamka safi, halafu ukimwekea audio ya watu wanapiga stori kawaida anakwambia hajasikia kitu. Mi naona msamiati anao, ila kafundishwa neno moja moja, wakati mtu akiongea maneno yanashikana, turn it off inatoka kama "tenitof", did you inakuwa "diju", na kwenye next day ile t inapotea tu na hakuna anayeitafuta.

Anayetoka kwenye Kiswahili anapata tabu zaidi maana huku kila silabi inapata haki yake, Kiingereza kinazimeza zile zisizo na mkazo. Chukua I can go, hapo can inapita haraka kama "kn", ukiikazia sana msikilizaji anaweza kudhani umesema can't na maana imegeuka kabisa!

Darasani napenda kuanzia mwisho wa sentensi: off, halafu it off, halafu turn it off, hivyo ile melodi ya mwisho haiharibiki. Imla ya sekunde chache nayo inasaidia, waandike walichosikia hata kama ni upuuzi, ndo unajua sikio linakwama wapi.

Ila jamani tusiwakimbize. Spidi sio ufasaha, na sikio likishazoea si lazima kila mtu aongee "diju", akisema did you taratibu anaeleweka vizuri tu.