Dhamana iko wazi, kijana bado yuko ndani

Jamani leo naomba niongelee hii dhamana maana imenikaa rohoni. Mi sio wakili, ni msaidizi wa kisheria tu huku mtaani kwetu Temeke, na simu zinazoingia usiku karibu zote zinafanana: mama anapiga analia, mwanae kakamatwa kwenye msako au kijiweni, na swali la kwanza hata kabla hajasema kosa ni "zinatakiwa shilingi ngapi?" Vituo vingi vya polisi vimebandika tangazo kwamba dhamana ni haki yako na ni bure, ila mtaani mpaka leo watu wanachangishana hela ya "kumtoa mtoto" na hakuna hata mmoja anayeuliza hiyo hela risiti yake iko wapi.

Sasa hapo ndo polisi. Kwa kijana mkubwa balaa kubwa zaidi mi naliona mahakamani, na huko wala sio rushwa, ni masharti.

Hakimu akishasema "dhamana iko wazi" watu wa nje wanadhani imeisha hiyo, kijana anarudi nyumbani. Kuna dogo mmoja wa bodaboda, ana miaka 20, katokea mkoani hana ndugu hapa mjini zaidi ya aliokutana nao kijiweni, akashtakiwa kwa wizi wa simu. Masharti yakawa wadhamini wawili, wawe na barua ya serikali ya mtaa na kitambulisho cha NIDA, mmoja awe mtumishi wa umma, na kila mmoja asaini bondi ya milioni mbili. Hebu fikiria, huyu mtumishi wa umma dogo amjulie wapi? Wenzake wa kijiweni nusu yao wana namba ya NIDA tu kadi hawajawahi kuiona, mwenye nyumba aliposikia neno mahakama akafunga mlango, na bosi mwenye pikipiki alishampa mtu mwingine chombo siku ileile. Dogo akarudi kwenye karandinga kwenda Segerea, na kwenye jalada pakaandikwa mshtakiwa ameshindwa kutimiza masharti ya dhamana, utadhani ni yeye ndo kakataa.

Na hiyo milioni mbili nayo inatisha watu bure. Kusaini bondi sio kulipa! Hutoi hata mia mezani, unasaini kwamba huyu mtu asipotokea kwenye kesi yake wewe ndo utadaiwa hiyo hela. Kuweka nusu ya thamani kwa fedha au mali kunakuja kwenye kesi za mamilioni mengi, kijana wa simu ya laki tatu hayupo huko kabisa. Nimeona wajomba wanageuka mlangoni mwa mahakama wanasema mi hiyo hela sina, na hakuna karani wala mtu yeyote aliyewaambia kwamba haitakiwi leo.

Alafu kuna suala la umri, hapa naomba wazazi mnisome taratibu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema chini ya miaka 18 ni mtoto, na mtoto akikamatwa na hawezi kufikishwa Mahakama ya Watoto papo hapo, mkuu wa kituo anatakiwa amwachie kwa dhamana ya mzazi au ndugu. Anaruhusiwa kumbakiza kama kosa ni la kuua au lina kifungo cha zaidi ya miaka saba, au kama kumwachia ni kumrudisha mikononi mwa watu wabaya, au kama anaona kutavuruga haki. Na akibaki hachanganywi na watu wazima, kuna mahabusu za watoto, kwa Dar ipo pale Upanga. Sasa yote haya yanategemea namba moja ndogo kwenye hati ya mashtaka. Kijana kaota ndevu tatu, kaulizwa umri akiwa anatetemeka, au hajaulizwa kabisa, imeandikwa 19. Basi. Kwanzia hapo ni mtu mzima, anapanda karandinga na watu wazima.

Kuna mama alikuja na kadi ya kliniki ya mwanae, ile ya kijani imekunjwa mara nne imeshaanza kuchanika kwenye mikunjo, tarehe ya kuzaliwa imeandikwa kwa kalamu ya bluu na nesi ambae pengine alishastaafu. Cheti cha kuzaliwa hakuwahi kukata. Ile kadi ndo ilimwokoa mtoto, maana umri ukibishaniwa mahakama inatakiwa ichunguze, na kadi ya kliniki, rekodi za shule, maneno ya mzazi mwenyewe vyote vinasaidia. Hakimu akaiangalia, akahesabu, mtoto alikuwa na miaka 16. Kesi ikahamishiwa Mahakama ya Watoto, afisa ustawi wa jamii akaitwa, mtoto akalala kwao. Ila kabla ya hapo alishalala na watu wazima, na hilo halifutiki kwa kadi.

Mikoani ni kugumu zaidi. Mahabusu za watoto ni chache mno, ukiacha Dar zipo kama za Tanga, Arusha, Moshi na Mbeya, sasa mtoto wa mkoa ambao hauna anapelekwa wapi? Wengi wanaishia gereza la wakubwa.

Kinachoniumiza kuliko vyote ni jina la kosa. Unyang'anyi wa kutumia silaha hauna dhamana, uko kundi moja na mauaji na uhaini, na kifungo chake hakipungui miaka 30. Na silaha sio lazima bunduki, sheria inasema kitu chochote cha hatari, kwaiyo vijana wawili wamepora simu, mmoja ana bisibisi, tayari. Sitetei uporaji, mi mwenyewe nakaa Temeke na kipindi kile cha Panya Road, yale magenge ya vijana waporaji, tulikuwa tunajifungia ndani mapema. Ila msako ukipita unabeba waliopora na waliokuwa wamekaa tu, wote wanaandikiwa kosa moja, na yule aliyekuwa amekaa tu hana pa kusemea mpaka kesi isikilizwe. Hapo ndo unaanza wimbo wa "upelelezi haujakamilika", kesi inatajwa, inaahirishwa wiki mbili, inatajwa tena. Mwaka 2022 sheria ilibadilishwa kesi isifikishwe mahakamani kabla upelelezi haujaisha, nilifurahi sana, ila makosa mazito yakaachwa nje.

Na hili lishapiganiwa huko juu. Mwaka 2018 Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba ile hati ya DPP, yaani Mkurugenzi wa Mashtaka, ya kuzuia dhamana inavunja Katiba. Mei 2020 Mahakama Kuu ikaenda mbali zaidi, ikasema hata ile orodha ya makosa yasiyo na dhamana inavunja Katiba, na Agosti mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ikatengua. Kwaiyo orodha ipo palepale. Sawa, hilo ni la wakubwa.

Ila hili la masharti halihitaji Bunge. Hakimu anaruhusiwa kabisa kumwachia mtu kwa kusaini bondi yake mwenyewe bila mdhamini. Dogo wa simu ya laki tatu, mtaa unamjua, kijiwe kinamjua, kwanini alazimishwe kutafuta mtumishi wa umma? Katiba inakataza kumtendea mshtakiwa kama mkosaji kabla hajatiwa hatiani, na kukosa kufahamiana na mwalimu sio kosa la jinai.

Na nyie watumishi mnaosoma hapa, walimu, manesi, watendaji, najua mnaogopa. Kazi ya mdhamini ni kuhakikisha kijana anafika tarehe ya kesi. Ukiona haeleweki, hapokei simu, kahama, unaruhusiwa kwenda mahakamani kuomba kujitoa kabla mambo hayajaharibika. Yule dogo wa bodaboda kashapata mdhamini mmoja, mama ntilie wa pale kijiweni, barua anayo na NIDA anayo. Kesi inatajwa tena Jumatano asubuhi na bado anatafutwa wa pili, mwenye ajira ya serikali, wa Temeke au hata Mbagala. Barua ya mtaa ichukuliwe Jumanne maana Jumatano mtendaji huwa anachelewa kufungua ofisi.