Baba wa Gershomu na Eliezeri

Bwana asifiwe, wapendwa. Somo la juma hili la kufunga mwaka ni Kutoka 18, sura nzima, pamoja na Zaburi ya 90. Msome kwanza Neno, mimi nitasubiri.

Kila mwisho wa mwaka huwa nafungua daftari na kuandika majina yangu. Si jina la ubatizo, bali yale ninayobeba mbele ya watu: baba, mume, mwana, ndugu, msimamizi kazini, mzee wa kanisa, katibu wa kikundi hiki cha maombi. Kila jina na ukurasa wake, na chini yake naandika nilichofanya mwaka huo. Zoezi hili nimelifanya kwa miaka kadhaa na, niseme kweli, nimelipenda kwa sababu hunisifu. Ukurasa wa kazini hujaa. Ule wa mzee wa kanisa hujaa mpaka naandika pembeni. Nikimaliza hizo mbili huwa nimeridhika, nafunga daftari, namshukuru Mungu na kwenda kulala.

Mwaka huu nilianza na kurasa nyingine. Sababu ni ujumbe mmoja wa simu.

Ilikuwa jioni, nimekaa sebuleni na Biblia, naandaa somo. Ujumbe ukaingia: "Bwana asifiwe, mzee. Samahani kwa usumbufu. Naomba dakika tano za ushauri ukipata nafasi." Nikajibu palepale, kama ninavyowajibu ninyi nyote: "Amina, mpendwa. Karibu, eleza." Ndipo nikatazama jina la mtumaji. Alikuwa binti yangu. Alikuwa chumbani kwake, ukuta mmoja tu kati yetu.

Nadhani nusu ya ujumbe ule ilikuwa utani. Nusu ya pili haikuwa utani. Mtoto alikuwa amenisoma vizuri: baba akisemeshwa huguna bila kuinua macho, lakini mzee wa kanisa akiandikiwa hujibu kabla dakika haijaisha. Akabisha kwenye mlango unaofunguka.

Kutoka 18 tumezoea kuifundisha kwenye semina za viongozi. Yethro anamshauri Musa agawe kazi; wakuu wa maelfu, wa mamia, wa hamsini na wa kumi. Mimi mwenyewe nimeifundisha hivyo zaidi ya mara moja, na kila mara niliziruka aya za mwanzo kana kwamba ni hodi tu ya kuingilia somo.

Aya hizo zinasema Yethro hakuja peke yake. Alikuja na Sipora, mke wa Musa, ambaye Musa alikuwa amemrudisha kwao, na wana wao wawili. Tena mwandishi anasimama hapo atueleze majina yao. Wa kwanza ni Gershomu, kwa kuwa Musa alisema amekuwa mgeni katika nchi ya ugeni. Wa pili ni Eliezeri, kwa kuwa Mungu wa baba yake alikuwa msaada wake na kumwokoa na upanga wa Farao. Ukiwaita vijana hao wawili waje kula, umeshasimulia maisha ya Musa: alivyokimbia, na alivyoponywa. Yethro anatanguliza habari kabisa kwamba anakuja yeye, na mke wa Musa, na watoto.

Musa akatoka kumlaki mkwewe, akasujudu, akambusu, wakaulizana hali, wakaingia hemani. Akamweleza yote Bwana aliyomtenda Farao na Wamisri, na taabu zote za njiani. Yethro akafurahi, akatoa dhabihu, Haruni na wazee wa Israeli wakaja kula chakula pamoja naye.

Na Sipora? Na vijana? Hakuna neno.

Sitaki kumsingizia mtumishi wa Mungu. Maandiko hayasemi kwamba hakuwakumbatia. Yamenyamaza tu, na huenda usiku ule hemani kulikuwa na furaha ambayo haituhusu. Lakini aya inayofuata haijanyamaza. Siku ya pili yake Musa akaketi kuwaamua watu, nao wakasimama mbele yake tangu asubuhi hata jioni. Jamaa yake wamefika jana, leo foleni imeanza asubuhi.

Aliyeona kasoro ni babu wa watoto. Wazee wa Israeli walikuwa wakimwona Musa akichoka siku zote na hawakusema kitu, maana wao na watu wao ndio waliokuwa wakihudumiwa. Yethro alipouliza mbona anaketi peke yake, Musa akajibu kwamba watu humjia ili wamwulize Mungu. Jibu hilo nalifahamu sana. Nimelitoa nyumbani kwangu kwa maneno mbalimbali: "Kuna mtu ana shida." "Ni kazi ya Bwana." "Siwezi kumkatalia." Ni jibu la kweli, na kwa sababu ni la kweli hakuna mtu nyumbani anayeweza kulipinga. Mke wangu aliacha kujaribu zamani.

Yethro hakubishana na ukweli wake. Alisema kazi ni nzito mno kwa mtu mmoja, kwamba atadhoofika yeye na watu walio pamoja naye, na kwamba wapo wengine wa kuifanya: watu wamchao Mungu, wa kweli, wenye kuchukia mapato ya udhalimu. Musa akasikia. Kiti cha hukumu kikagawanywa. Miaka mingi baadaye hata uongozi wenyewe ulipokewa na Yoshua. Lakini tafuta katika orodha yote ile ya wakuu. Hakuna aliyeteuliwa kuwa baba wa Gershomu kwa niaba. Kiti hicho Musa asipokikalia kinabaki kitupu.

Kwa hiyo nilirudi kwenye daftari nikagawa majina yangu upya. Msimamizi, mzee, katibu: haya nimepewa na watu, na watu wanaweza kumpa mwingine. Baba, mume, mwana, ndugu: haya hayana msaidizi. Nikaona aibu, kwa maana kurasa nilizojaza mpaka pembeni zote ni za kundi la kwanza.

Ukurasa wa mwana ulikuwa na simu nilizompigia mama, nyingi nikiwa njiani kwenda mahali pengine. Ukurasa wa mume ulikuwa na shukrani kwa uvumilivu wake, jambo ambalo ukilifikiria ni kazi aliyoifanya yeye, si mimi. Ulionishinda kabisa ni ukurasa wa ndugu. Una mstari mmoja: "Nilituma pesa za matibabu."

Dada yangu mkubwa aliugua mwaka huu, akalazwa, akatoka, akalazwa tena. Yeye ndiye aliyenibeba mgongoni nilipokuwa mdogo. Mara ya kwanza nilikuwa na semina. Mara ya pili nilikuwa na ugeni wa kanisa. Nilimwombea hapa kikundini, mkaitikia amina, nikahisi nimefika kwake.

Hapa Musa ananihukumu kwa upande mwingine. Miriamu, dada yake, alipopigwa ukoma katika Hesabu 12, alikuwa ametoka kumsema vibaya Musa mwenyewe. Musa angeweza kunyamaza tu. Badala yake akamlilia Bwana, sala ya maneno machache kuliko yote ninayoyakumbuka kwake: "Mpoze, Ee Mungu, nakusihi sana." Kisha Miriamu akakaa nje ya marago siku 7, na watu hawakusafiri mpaka alipoingizwa tena. Taifa zima njiani, nchi ya ahadi ikingoja, na safari imesimama kwa ajili ya dada mmoja mgonjwa. Msafara wangu mimi haukusimama hata siku moja.

Zaburi ya 90 inaitwa sala ya Musa, mtu wa Mungu. Tunaipenda sana majira haya kwa sababu ya ile aya ya 12: "Basi, utujulishe kuzihesabu siku zetu, tujipatie moyo wa hekima." Nimeiomba miaka yote nikidhani maana yake ni kuzijaza siku. Musa anaomba afundishwe kuhesabu, na anayeomba kufundishwa amekiri kwamba hesabu yake mwenyewe haiaminiki. Yangu ina upendeleo, kama mlivyoona. Tazameni pia mpangilio wa mwisho wa zaburi hiyo. Sote tunaikariri aya ya 17, Mungu aithibitishe kazi ya mikono yetu. Aya inayoitangulia inawataja watoto: adhama ya Mungu ionekane kwa watoto wa watumishi wake. Sijui nilikuwa nasoma nini miaka yote hiyo.

Katika 1 Mambo ya Nyakati 23 Gershomu na Eliezeri wanatajwa tena, miongoni mwa Walawi. Eliezeri alikuwa na mwana mmoja tu, Rehabia, lakini wana wa Rehabia walikuwa wengi sana. Mungu hakuupoteza ukurasa ule. Nimeusoma mstari huo mara nyingi juma hili, kwa tumaini, ingawa sitaki uwe kisingizio changu.

Mtauliza binti yangu alitaka ushauri gani. Hilo ni lake. Niliiacha simu juu ya meza, nikaenda kubisha mlangoni kwake, na zile dakika tano zilikuwa kama saa mbili. Simu ililia sebuleni mara tatu. Alikuwa akinitazama kila ilipolia.

Sasa mambo ya kikundi. Naomba mchague katibu mwingine kabla mwaka mpya haujaanza. Nitamkabidhi daftari la mahudhurio na mahitaji ya maombi, yote yameandikwa vizuri. Jumamosi kwenye maombi ya kufunga mwaka sitakuwepo. Tafadhali aliye tayari kuongoza ajitokeze, na msinipigie mkikosa mtu. Nitakuwa kwa dada yangu, na sijamwambia narudi lini.