Nani aliwarudisha wale watoto?

Watu wengi wakiulizwa katuni iliyowaliza utotoni, humtaja mama yake Bambi, yule mtoto wa paa. Kwangu mimi ni Pinocchio, ile ya Disney ya 1940 ya kikaragosi cha mbao, hasa yule rafiki yake Lampwick, kwenye kisiwa ambako watoto watukutu hugeuzwa punda. Anacheza biliadi, anavuta sigara, anacheka. Mara masikio ya punda yanachomoza. Akishtuka, anamng'ang'ania Pinocchio kwa mikono miwili, anamwomba amsaidie, na mikono ile ile inageuka kwato. Kisha tunaona kivuli tu ukutani na kusikia sauti ikiita "Mama!" mpaka inakuwa mlio wa punda.

Nilikuwa najipapasa masikio kitandani, taa ikishazimwa.

Bambi (1942) angalau ilituhurumia: bunduki inalia, mama hatumwoni akianguka. Kwenye Pinocchio tunaonyeshwa hadi punda mdogo mwenye kofia ya baharia, bado anaweza kutaja jina lake, analia anataka kwenda kwa mama yake, naye anasukumwa nyuma pamoja na wenzake. Pinocchio mwishoni anakuwa mtoto wa kweli, watu wanashangilia. Wale watoto wengine waliogeuzwa punda hawatajwi tena. Hilo ndilo lililoniuma kuliko kwato, na bado linaniuma.