Hivi karibuni, shangazi

Nimejaribu kulala mara mbili, usingizi haupo. Acha niandike.

Wiki hii dada ameposwa (ndiyo, na yuleyule mwalimu wa Kyela), askofu amekuja na kuondoka, umeme umekatika siku mbili mfululizo. Yote yamepita. Kilichonikwama kooni ni maneno matatu niliyoyasema mwenyewe Jumapili kituoni, nikimsindikiza shangazi.

Mnamjua shangazi. Ndiye aliyepita nyumba kwa nyumba pale usharikani kukusanya ada yangu ya chuo cha Biblia. Alikuja kutoka Mbeya mjini na sukari na sabuni za mche, akaondoka na mkungu wa ndizi. Nilimwonyesha chumba changu cha kazi: meza ndefu, robota la shashi, ambayo sisi hospitalini tunaiita gozi, mkasi, madramu ya kuwekea gozi, na otokilevu yetu ya zamani, ile mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke. Akagusa kila kitu. Akauliza kama mikono haiumi. Tukala, tukaomba pamoja. Kituoni, mguu mmoja ukiwa tayari ndani ya gari, akanigeukia.

"Sasa, mwanangu, huduma yenyewe utaanza lini?"

Nikamjibu, "Hivi karibuni, shangazi."

Hakuuliza kwa ubaya. Sauti yake ilikuwa ileile ya kuniuliza kama nimekula. Akasema ndaga fijo, yaani asante sana, mlango ukafungwa, gari likateremka. Nikabaki na mvua ya Tukuyu.

Hivi karibuni. Jumatatu nimekata gozi na maneno hayo, Jumanne nimezikunja nayo. Swali la shangazi halikuniuma. Limeniuma jibu langu. Ningeweza kusema, "Nimeshaanza, shangazi, huu mwaka wa pili." Ni maneno mepesi, hata dereva asingechelewa. Sikuyasema kwa sababu moyoni sikuyaamini. Niliitikia wito nikiwa na miaka kumi na tisa, nikijiona nasimama chini ya mwembe na Biblia mkononi. Nikaletwa hapa, nikapewa mkasi, na miezi yote hii nimekuwa nikijihesabu kama mtu aliye kituoni, anayesubiri gari lake.

Chuoni tulifundishwa habari za Leonhard Dober na David Nitschmann, wamisionari wa kwanza wa Kanisa la Moravian kutumwa, mwaka 1732, kutoka Herrnhut, Ujerumani, hadi kisiwa cha St. Thomas huko Karibi, kuwapelekea watumwa Injili. Mmoja mfinyanzi, mwingine seremala. Nitschmann alirudi baada ya miezi michache. Dober akabaki, udongo wa kule ukawa haumfai kwa vyungu, akaishia kufanya kazi nyumbani kwa gavana. Sisi wa Rungwe, tuliofikiwa na Wamoravian 1891, tumekua na habari hizo. Usiku wa Jumatatu nilizikumbuka zote na hazikunisaidia kitu. Dober ameandikwa vitabuni. Mimi kesho yake nilikuwa na robota jingine.

Niseme kidogo kazi yenyewe, maana kuna wanaodhani ni kukata kitambaa tu. Kila kipande nakikunja hivi kwamba ukingo uliokatwa unaingia ndani, usionekane upande wowote. Uzi mmoja ukichomoka ukabaki kidondani, mtu anaweza kuteseka nao muda mrefu. Vipande kumi, nafunga. Kumi, nafunga. Kwenye dramu sibani sana, mvuke upite katikati. Nyuzi joto 121, dakika 30, na geji siiachi kwa macho, kwa sababu huku kwetu milimani maji huchemka kabla hata ya kufika 100, na bila shinikizo hatuwezi kufika popote. Dakika zikiisha natoa mvuke, nafungua kidogo, nasubiri pakiti zikauke, kisha naangalia kama mistari ya tepu ya kupimia imekuwa myeusi. Ikitoka na unyevu, narudia yote.

Basi, Alhamisi usiku wakaniita. Mama mjamzito, upasuaji wa dharura, na gozi zilizokuwa ndani hazitoshi. Nikapeleka dramu, nikakabidhi mlangoni, wakaniambia nikae kwenye benchi, huenda litahitajika jingine. Sikuwahi kukaa pale. Sikuchungulia, nilikuwa nasikiliza tu. Mtoto akalia. Nikamshukuru Mungu. Kisha kukawa kimya, vyuma tu vikigongana kwenye sinia, halafu nikasikia sauti ya sista wa zamu.

"Moja. Mbili. Tatu. Nne."

Taratibu, mpaka kumi. Akanyamaza kidogo, akaanza tena. Moja. Mbili. Mpaka kumi. Na tena. Daktari akauliza kitu ambacho sikukisikia. Sista akajibu, "Imetimia." Ndipo wakaanza kushona.

Alikuwa anahesabu gozi, isibaki hata moja tumboni, na zile zilikuwa kumi zangu! Nilizihesabu Jumanne alasiri, peke yangu, mvua ikipiga bati, na neno la shangazi likinichoma. Ningeweka tisa au kumi na moja kwenye pakiti moja, wangekuwa wanatafuta saa hizo ndani ya tumbo la mama wa watu lililo wazi. Mle ndani hakuna aliyenikumbuka, na haikupasa anikumbuke mtu. Nililia pale kwenye benchi, furaha ya namna ambayo sijaipata hata siku nilipohitimu. Nikamwombea yule mama. Jina lake silijui mpaka sasa.

Bado natamani kuhubiri. Sisemi tamaa hiyo imekufa, na siombi ife. Lakini Ijumaa asubuhi nilijikuta nahesabu kwa sauti, kama sista, na kila nikifika kumi nasema, Bwana, hizi zako. Nilifanya hivyo hadi saa ya chai.

Nimemwandikia shangazi ujumbe mrefu, nikaufuta. Nitampigia kesho baada ya ibada. Lile jibu nililisema kwa mdomo, nitalirudisha kwa mdomo.

Ila simu ya mdogo wangu haipatikani tangu Jumanne. Kule Chunya wanasema imenyesha sana, na yeye kwenye mashimo ya dhahabu huingia zamu ya usiku. Mama ameshaniuliza mara mbili. Nimemwambia labda ni chaji.