Siku moja na mimi, wakala wa kuuzia vyuo majarida ya kitaaluma, Tabora

Saa 12 na robo asubuhi simu inalia hata uso sijanawa, ni mama mkutubi wa chuo kimoja hapa mjini. Mwangaluka, anasema, tangu jana majarida yote ya mtandaoni yanadai paswedi na watoto wa masters wamenikalia kooni. Shikamoo mama, ngoja nicheki. Moyoni nishajua: wamehamia kampuni nyingine ya intaneti, namba ya IP, ile inayotambulisha mtandao wa chuo, imebadilika, na mchapishaji kule Uholanzi anaitambua ile ya zamani tu.

Saa 2 nipo ofisini, yaani kachumba nyuma ya duka la asali, chai na matobolwa, natuma namba mpya. Kule hawajafika kazini bado. Enzi za makaratasi kazi ilikuwa kufukuzia maboksi, toleo likipotea unaandika klemu, barua ya kulidai, unasubiri miezi, ila likishafika rafuni ni lako hata mkiacha kulipa. Sasa hivi usipolipia mwaka mpya mlango unafungwa, na hata yale ya miaka uliyolipia yanaweza kwenda nayo kama mkataba haukutaja, ndo maana siku hizi nasoma mikataba kuliko katalogi.

Saa 4 kwa afisa manunuzi wa chuo kingine. Eti kaka, mchapishaji si ana tovuti, wewe wa nini? Nikamwambia una wachapishaji 15, unataka invoisi 15 za dola au moja? Akacheka, ila kulipa kabla hataki, na simlaumu, Swets ya Uholanzi ilikuwa wakala wa majarida mkubwa kuliko mimi mara elfu na 2014 ikafilisika, maktaba zilizotanguliza hela zikabaki zinalia.

Mchana wali maharage, umeme ukakatika, tuyaache.

Saa 8 napitia ripoti za COUNTER, hizi zinaonyesha jarida gani limefunguliwa mara ngapi. Kuna moja la bei mbaya limefunguliwa mara 4 mwaka mzima, na mengine mawili wanayolipia yapo bure Research4Life, mpango wa kuzipa taasisi za nchi maskini majarida bure au kwa bei nafuu. Nimewaandikia wayatoe yote matatu. Kamisheni yangu imeenda hapo, wife asisome hii.

Saa 11 kasoro mchapishaji kajibu, imefunguka. Nikampigia mama, akashukuru mpaka nikaona aibu, dakika mbili meseji inaingia: sasa mwanangu, wakiwa nyumbani wanafunguaje?