Mama wa Kivu na mfuko wake wa makaratasi

Jumamosi usiku, tarehe 26 Agosti 2017, sisi tulikuwa sebuleni kwangu Houston tunaangalia pambano la Mayweather na McGregor. Harvey ilishatua tangu jana yake usiku kule karibu na Rockport, kimbunga cha daraja la 4, lakini kwetu upepo wala haukuwa wa kutisha, tukasema basi imetupita hiyo. Meya alishasema watu wabaki majumbani, na waliokuwepo mwaka 2005 walimwelewa, maana kimbunga Rita kilipokuja mji mzima ulikimbia kwa mpigo, foleni ikalala barabarani na watu wakafia humo humo kwenye magari.

Sasa Harvey haikuondoka. Ilikaa pale pale inamwaga maji siku nne. Mimi miaka yote nilijua kimbunga ni upepo wa kung'oa mabati, kumbe mwenzangu huyu anaua kwa mvua.

Nilikuwa napanga chumba cha chini, karibu na Brays Bayou, kamto ambako siku za kawaida utadhani ni mtaro tu. Simu zilikuwa zinapiga kelele za tahadhari usiku kucha mpaka nikaizima yangu (usiniulize). Alfajiri nashusha mguu kitandani, maji. Unajua niliokoa nini? TV. Niliibeba nikaiweka juu ya friji, nikapandisha na viatu vya mtoko juu ya kabati, nikajiona mjanja kweli, na pasipoti, vyeti vya shule na cheti cha kuzaliwa cha mwanangu vyote viko droo ya chini kabisa. Saa tano akaja mzungu mmoja na boti ya kuvulia samaki, kajitolea tu, hata jina hakuniambia, tukatoka.

Jioni nikajikuta George R. Brown, ule ukumbi mkubwa wa mikutano katikati ya mji. Baada ya siku mbili tulikuwa zaidi ya watu 10,000 mle ndani. Nguo za msaada zililundikana kama mitumba ya Karume, makoti ya baridi, Agosti hii, Texas! Watu walichokuwa wanatafuta ni chupi mpya, soksi kavu, pampasi, dawa za presha, na chaja. Na mtu wa kuwasomea fomu.

Hapo ndo nikapata kazi. Mtu wa kujitolea kasikia naongea Kiswahili kwenye simu, akanivuta mpaka kwa mama mmoja Mkongo wa Kivu na watoto wanne. "Papa, nisomee iyi karatasi." Ilikuwa maelezo ya kujiandikisha FEMA, shirika la serikali ya Marekani la kusaidia watu wa maafa. Nikamwambia mama, wataulizia namba zenu na vitambulisho, sijui kama mmebahatika kutoka na chochote. Akafungua kanga kiunoni, akatoa mfuko wa plastiki umefungwa mafundo mawili: karatasi za ukimbizi, kadi za chanjo za watoto, mkataba wa nyumba, vyote vikavu kabisa.

Nikabaki namwangalia tu. Akasema, "Kwetu ukisikia masasi unabeba bintu bitatu: batoto, makaratasi na chumvi." Masasi ni risasi.

Chumvi ya nini mama?

Akaniangalia kama anavyoangaliwa mtoto. "Porini utakula majani bila chumvi?"

Nilirudi kwangu wiki iliyofuata. TV nzima, iko juu ya friji, chini godoro limeshaota ukungu na pasipoti kurasa zimeshikana kama chapati za jana. Bima yangu ya mpangaji haikugusa mafuriko hata senti, ndo nikaambiwa bima ya mafuriko ni nyingine, unakata kivyake. Vyeti vya shule nilihangaika navyo mwaka mzima, simu kwenda Dar usiku wa manane.

Msimu wa vimbunga unaanza tarehe 1 Juni, na siku hizi kila ukifika nakagua mfuko wangu nyuma ya mlango. Mke wangu alikuta paketi ya chumvi humo, akacheka mpaka akakaa chini. Sijaitoa.